Akirudi Nyumbani Mgonjwa wa Moyo

Mwezi huu tunazungumza juu ya jambo ambalo sisi wenyewe tulilikosea, ingawa ni wauguzi kwa kazi na tumevaa sare kwa zaidi ya miaka 20. Tunalisimulia kosa hilo bila kuficha, kwa sababu tunaamini linafanyika katika nyumba nyingi zenye upendo.

Hapa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, yuko mama mmoja wa kikundi chetu cha kanisani. Jina lake hatutalitaja, ila yeye mwenyewe ametupa ruhusa ya kueleza habari zake. Wakati huo alikuwa na miaka 54, mama wa watoto watano, mpishi wa maandazi asubuhi na mwimbaji wa kwaya jioni. Aliambiwa ana presha tangu mimba ya mwisho. Dawa alizimeza kichwa kilipouma, na kichwa kilipotulia alizirudisha kabatini.

Mwaka mmoja tukaanza kuona kwamba akipanda njia ya kanisani anasimama mara mbili kuvuta pumzi. Baadaye akawa analala kwa mito mitatu. Miguu ikavimba hata viatu vikakataa kuingia. Usiku mmoja akashtuka usingizini akakimbilia dirishani kutafuta hewa. Alilazwa siku 9. Kipimo cha picha ya moyo kilionyesha kwamba moyo umepanuka na nguvu yake ya kusukuma damu imepungua.

Siku aliporuhusiwa, kikundi kizima tulimpokea kwa nyimbo. Tulimpelekea kreti la soda, sufuria ya supu ya kuku iliyokolea chumvi ili apate nguvu, na mfuko wa dagaa wakavu. Tulikaa naye hadi saa mbili usiku. Kila mmoja wetu alimwambia, "Sasa umepona, mama, mshukuru Mungu." Mtoto wake wa mwisho alichukua karatasi ya hospitali, akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia ili isipotee. Haikupotea kweli, lakini hakuna aliyeisoma. Hata sisi hatukuisoma.

Siku ya 19 tuligongewa mlango saa kumi ya usiku. Alikuwa binti yake mkubwa. "Shikamoo, Mama. Mama yetu hawezi kupumua."

Wodini, baada ya mgonjwa kuwekewa hewa ya oksijeni na kuchomwa sindano ya kumkojoza, daktari kijana alitugeukia. "Sista," akasema, "huko nyumbani nani anamwangalia?" Tulijibu kwa pamoja, mume, binti na sisi, "Sote." Akauliza tena: "Basi nani kati yenu anazijua dawa zake? Nani anayepika, na anaweka chumvi kiasi gani? Nani amempima uzito tangu atoke hapa?" Tukanyamaza. Tulikuwa watu wengi wenye upendo, lakini hakuna hata mmoja aliyekuwa na kazi yake.

Swali hilo ndilo tunalowaletea leo. Hospitali humtoa mgonjwa katika hatari, kisha humkabidhi nyumbani. Kupona kwenyewe hufanyika jikoni, chumbani na njiani. Na pale kila mtu anapokuwa mwangalizi, mara nyingi hakuna anayeangalia.

MOYO ULIOCHOKA

Moyo ni msuli wenye ukubwa kama ngumi ya mwenyewe. Mtu akiwa ametulia, hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika, yaani karibu mara 100,000 kwa siku, bila likizo. Presha ikiwa juu kwa miaka mingi, moyo husukuma damu kama mtu anayesukuma mkokoteni mlimani kila siku. Mwanzoni msuli huwa mnene, baadaye huchoka na kulegea.

Daktari anaposema "moyo umeshindwa kufanya kazi," watu wengi husikia hukumu ya kifo. Tufahamu kwamba maana yake si kusimama kwa moyo. Maana yake ni kwamba pampu imepungua nguvu, na maji hurudi nyuma mahali yasipotakiwa. Yakijaa mapafuni, mgonjwa hukosa pumzi akilala chali. Yakiteremka, huvimbisha miguu na tumbo.

Wengine hurudi nyumbani kwa sababu nyingine: shambulio la moyo, mshipa uliozibuliwa, au mlango wa moyo uliofanyiwa upasuaji, jambo ambalo siku hizi hufanyika hapa nchini, hasa katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015. Kila ugonjwa una masharti yake, na karatasi ya hospitali ndiyo inayotangulia maneno yetu. Lakini mambo mengi ya nyumbani hufanana.

Mama yetu aliporuhusiwa mara ya pili hakukuwa na nyimbo. Tuliketi sebuleni: mgonjwa, mume wake, watoto watatu waliopo nyumbani, na sisi wawili kutoka kanisani. Tuliisoma karatasi ya hospitali kwa sauti, mstari kwa mstari. Kisha tukagawana kazi kwa majina, moja moja. Haya ndiyo tuliyopanga.

CHUMVI NI YA CHUNGU KIZIMA

Chumvi huvuta maji na kuyazuia mwilini. Maji yakiongezeka, pampu iliyochoka hulemewa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, tena kwa vyakula vyote vya siku hiyo. Chukueni hesabu hii rahisi: nyumba yenye watu wazima watano haipaswi kumaliza pakiti ya nusu kilo kabla ya siku 20. Tulipouliza katika nyumba ile, binti alisema pakiti moja huisha kwa juma moja.

Lakini chumvi haikai kwenye kopo peke yake. Imo katika dagaa na samaki waliokaushwa kwa chumvi, katika vidonge vya kukoleza mchuzi, katika mkate, katika soseji na viazi vya pakiti. Magadi nayo, ambayo akina mama wengi huweka katika mlenda au maharage ili yalainike upesi, yana madini yaleyale ya chumvi yanayozuia maji mwilini. Hata vidonge vya dawa vinavyochemka ndani ya glasi ya maji vina kiasi kikubwa cha madini hayo.

Maharage yalowekwe usiku kucha, yataiva bila magadi. Dagaa waoshwe kwa maji ya moto mara mbili, na wasiwe mboga ya kila siku. Ladha itafutwe kwa ndimu, tangawizi, kitunguu saumu, nyanya, giligilani, bizari na pilipili manga. Juma la kwanza chakula kitaonekana kama cha gerezani. Baada ya majuma machache ulimi huzoea, na mchuzi wa zamani ndio utakaoonekana kuwa mchungu. Jihadharini pia na chumvi mbadala zinazouzwa kwa wagonjwa wa presha. Nyingi zina potasiamu, na zikikutana na baadhi ya dawa za moyo zinaweza kuleta hatari. Muulizeni daktari kwanza.

Hapa ndipo tulipopata upinzani. Mume alisema, "Dada zangu, mimi nimekula chumvi nyingi, sitafundishwa kula na watoto." Mgonjwa mwenyewe, akiwa amekaa na mto mgongoni, akamjibu taratibu, "Baba, hata mimi nimeila nyingi, ndiyo maana nimelazwa mara mbili." Sote tulicheka, na mzee akacheka pia. Siku iliyofuata tulimpima presha yake, ikawa 168 kwa 102. Tangu hapo hakutaka tena sufuria mbili.

Ndugu zetu, msipike sufuria mbili. Mgonjwa anayekula peke yake chakula kisicho na ladha huku wengine wanafurahia mchuzi, hujiona ametengwa, na siku moja ataonja kwa siri. Tena watoto wake wana damu yake na huenda wakarithi presha hiyo. Mezani mnamtibu mmoja na kuwakinga wanne.

DAWA HAZINGOJI KICHWA KUUMA

Tulipochunguza sababu ya mama kurudi wodini, tuligundua jambo ambalo hakumwambia daktari. Dawa ya kukojoza hakuimeza Jumapili, kwa sababu ibada ni ndefu na choo kiko mbali. Hakuimeza Jumatano, siku ya kikundi chetu. Wala hakuimeza siku za soko. Katika juma la siku 7 alikuwa anaimeza mara 4. Aliona aibu kutoka mbele za watu kila baada ya nusu saa.

Jambo hilo lilituchoma, maana sisi ndio tuliokuwa tukimpangia vikao vya saa tatu. Tulirudi kwa daktari, naye akaeleza kwamba siku ya safari au ya ibada dawa hiyo inaweza kumezwa mapema zaidi au baada ya kurudi, mradi isiachwe. Nasi kikundini tukamwekea kiti karibu na mlango, tukafupisha vikao. Basi waulizeni wagonjwa wenu kwa upole: ni siku gani dawa inakushinda, na kwa nini? Mara nyingi sababu siyo ukaidi.

Andikeni dawa zote kwenye karatasi kubwa, mbandike ukutani: jina, kiasi, asubuhi au jioni. Mtu mmoja, kwa jina lake, ahakikishe. Nyumbani kwa mama yetu kazi hiyo alipewa kijana wa darasa la sita, naye huweka alama kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Dawa inunuliwe zikiwa zimebaki za siku 5. Msisubiri kopo likauke.

Dawa moja ikileta kikohozi kikavu, kizunguzungu au uchovu, mgonjwa asiiache kimyakimya. Arudi aseme, abadilishiwe. Ziko dawa za moyo ambazo kuziacha ghafla ni hatari kuliko kutozianza. Aliyewekewa kibomba ndani ya mshipa wa moyo asiache dawa za kuzuia damu kuganda hata kama anajisikia mzima kabisa. Na msimgawie jirani. Presha yake siyo presha yenu.

Mgonjwa akiumwa mgongo au magoti, msikimbilie duka la dawa kununua diklofenaki au ibuprofeni. Dawa hizo huzuia maji mwilini, huumiza figo na zinaweza kumrudisha wodini. Parasetamoli kwa kipimo chake hutosha mara nyingi. Mitishamba nayo, tafadhali, itajwe mbele ya daktari bila hofu. Ziko zinazogongana na dawa za hospitali.

Na tuseme hili kwa kuwa tunalikuta mara kwa mara katika makanisa yetu. Mgonjwa akishaombewa, wako wanaomwambia atupe vidonge ili aonyeshe imani. Tumewazika watu wa namna hiyo. Mganga anayeandika dawa na Mungu anayeponya hawagombani. Aliyeombewa aendelee kumeza dawa, na kama amepona, vipimo vitamshuhudia, na daktari mwenyewe atamwondolea.

MIZANI, KIDOLE GUMBA NA MITO

Maji yakianza kujaa, mwili hutoa taarifa siku kadhaa kabla ya mgonjwa kukosa pumzi. Mizani ya bafuni ni zawadi bora kuliko kreti la soda. Mgonjwa apimwe kila asubuhi, akishakojoa, kabla ya kula, akiwa na nguo nyepesi zilezile, na uzito uandikwe kwenye daftari. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Uzito ukipanda zaidi ya kilo 2 katika siku 3, hayo si mafuta wala siyo kunenepa kwa raha, ni maji. Nendeni kituoni siku hiyohiyo, msingoje siku ya kliniki.

Nyumba isiyo na mizani isikate tamaa. Bonyezeni kwa kidole gumba mfupa wa mguu, juu kidogo ya kifundo, kwa sekunde 5. Shimo likibaki, maji yapo. Angalieni alama ya soksi, pete inayobana, na fundo la kanga linalosogea. Hesabuni mito. Aliyelala kwa mto mmoja Jumatatu na akataka mitatu Alhamisi ametoa taarifa, hata kama anasema hajambo. Kama hospitali imeagiza kupunguza vinywaji, jazeni chupa moja ya kipimo walichowapa, na kila kikombe cha chai, uji au supu anachokunywa, mwageni kiasi hicho kutoka kwenye chupa. Chupa ikiisha, siku imeisha.

KAZI GANI, NA KIASI GANI?

Hapa nyumba hukosea kwa njia mbili. Baba akiugua moyo, hulazwa kama yai, haruhusiwi hata kuchukua kikombe, mpaka miguu inakuwa myembamba na moyo unazidi kudhoofika. Mama akiugua moyo, baada ya siku mbili yuko jikoni, na siku ya nne ana ndoo kichwani. Mama yetu alikuwa amekwisha kuchota maji mara tatu kabla ya kurudishwa wodini. Hakuna aliyemtuma. Alisema tu, "Ndoo zilikuwa tupu."

Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Moyo uliochoka hauwezi mzigo huo, hasa kwenye mlima. Maji sasa huchotwa na mtoto wa kiume na baba yake kwa zamu, na wa kwanza kushangaa walikuwa majirani. Aliyepasuliwa kifua anahitaji majuma 6 hadi 12 mfupa uungane, na katika muda huo asinyanyue kitu kinachozidi kilo 4 au 5, hata mjukuu.

Lakini kutembea ni dawa. Daktari akisharuhusu, aanze kwa dakika 5 mahali tambarare, mara mbili kwa siku, akisindikizwa. Kila juma aongeze dakika chache mpaka afikie nusu saa. Kipimo chake ni mdomo wake: akitembea aweze kuongea bila kukatika pumzi. Akishindwa kumaliza sentensi, apunguze mwendo au akae. Asitembee mara baada ya kula wala wakati wa jua kali. Haba na haba hujaza kibaba.

Kazi nyepesi afanye akiwa amekaa: kuchambua mchele, kukata mboga, kukunja nguo. Moshi wa kuni na mkaa huumiza moyo na mapafu, kwa hiyo mwenye moyo asikae juu ya jiko ndani ya chumba kisicho na madirisha. Mama yetu aliacha maandazi, sasa anauza mboga na ndizi akiwa kibarazani. Sigara na ugoro viondoke nyumbani kabisa, na pombe vilevile.

Usiku inueni kichwa cha kitanda kwa matofali chini ya miguu yake miwili. Asubuhi aketi kwanza ukingoni dakika mbili kabla ya kusimama, maana dawa za presha huweza kumletea kizunguzungu. Choo cha nje kikiwa mbali, awekewe ndoo yenye mfuniko karibu. Na ale mboga na matunda ili asipate choo kigumu, kwa kuwa kujikamua sana huelemea moyo.

MAMBO YA CHUMBANI

Akina mama wengi hutuuliza jambo hili wakiwa wameinamisha macho. Je, tendo la ndoa litamuua mgonjwa? Kwa kawaida, anayeweza kupanda ngazi za ghorofa mbili bila maumivu ya kifua wala kuhema sana anaweza kurudi kwa mwenzake taratibu, akisharuhusiwa. Hofu ya kunyamaziana huumiza ndoa kuliko ugonjwa. Lakini mwanamume anayetumia kidonge cha kuweka chini ya ulimi kwa ajili ya maumivu ya kifua asiguse dawa za kuongeza nguvu za kiume. Zikikutana, presha inaweza kushuka ghafla na kumuua.

Kwa kina mama wadogo tuna neno zito. Upo udhaifu wa moyo unaompata mwanamke mwezi wa mwisho wa mimba au katika miezi 5 baada ya kujifungua. Wengi hupata nafuu, lakini mimba nyingine inaweza kuurudisha kwa nguvu zaidi. Pia baadhi ya dawa za moyo hudhuru mtoto tumboni. Kwa hiyo mwanamke mwenye moyo dhaifu azungumze na daktari juu ya njia ya uzazi inayomfaa kabla ya kurudi kwa mumewe. Na mawifi na mama wakwe wanaomdai mtoto mwingine wa kiume, waambiwe ukweli huo na mume mwenyewe. Usimwachie mkeo vita hivyo.

HUZUNI BAADA YA HATARI

Mwezi wa pili mama yetu alianza kukaa kimya. Alilia bila sababu, akakataa kwaya, akasema, "Nimekuwa mzigo." Wengine walidhani amepungukiwa na imani. Sivyo. Huzuni kubwa huwapata wagonjwa wengi wa moyo, na anayezama ndani yake huacha dawa, huacha kula, huacha kutembea. Mume naye alikuwa haogopi kidogo. Alituambia kwamba kila usiku aliamka kusikiliza kama mkewe anapumua.

Msimwambie mgonjwa "jikaze." Mpeni nafasi ya kusema anachoogopa. Mrudishieni heshima ya kazi anayoiweza. Sisi tulimwomba awe mweka hazina wa kikundi, kazi ya kalamu na kiti, naye akaanza tena kucheka. Huzuni ikizidi majuma mawili mfululizo, ipelekeni hospitali kama maradhi mengine.

SISI TUNAOTEMBELEA WAGONJWA

Tumejiwekea kanuni tatu katika kikundi chetu. Kwanza, wageni wasizidi wanne, na wasikae zaidi ya nusu saa. Pili, zawadi iwe matunda, mboga, nauli ya kliniki, fedha ya dawa, au saa mbili za kufua na kuchota maji. Soda na supu ya chumvi zibaki nyumbani. Tatu, kabla ya kuomba tuulize: dawa zipo? umelala kwa mito mingapi? Mnawakumbuka wale watu wanne waliomchukua mwenye kupooza hadi mbele ya Yesu. Kila mmoja alikuwa na pembe yake ya godoro. Mmoja angeachia, wote wangeshindwa.

DALILI ZA KUKIMBIA HOSPITALI MARA MOJA

Andikeni hizi chini ya orodha ya dawa: maumivu au uzito kifuani usiotoka kwa kupumzika, hasa ukienda mkononi, shingoni au tayani, kukosa pumzi akiwa amekaa, makohozi ya povu lenye rangi ya waridi, kuzimia, moyo kwenda mbio bila kutulia, mdomo kwenda upande, mkono kulegea au maneno kuchanganyika ghafla. Katika hali hizo msimpe maji ya limau, msimpeleke kwanza kwa maombi ya usiku. Tafuteni gari. Namba ya dereva wa bajaji au teksi anayeamka usiku iandikwe ukutani leo, kabla hamjaihitaji. Na kuomba tuombe tukiwa njiani.

Huu ni mwaka wa tatu tangu usiku ule. Mama yetu bado anameza vidonge kila asubuhi, na atavimeza maisha yake yote. Hapandi mlima kwa haraka. Njia ya kanisani bado anasimama mara moja, penye mwembe, na sisi tunasimama naye tukijifanya tunaongea. Hajalazwa tena. Ile karatasi ya hospitali haimo tena ndani ya Biblia. Imebandikwa ukutani, imejaa alama za kalamu za yule kijana, ambaye sasa yuko sekondari na amemwachia mdogo wake kazi hiyo.

Mpendwa msomaji, kama yuko nyumbani kwako mtu aliyerudi na moyo uliochoka, leo jioni kabla ya kulala itafute karatasi yake. Isomeni pamoja. Kisha ulizaneni lile swali la daktari kijana, na kila kazi ipate jina la mtu.